Fahali Wawili na Sanduku la Kioo

Ndugu msomaji, ulishawahi kukosa usingizi kwa ajili ya samaki asiyezidi urefu wa kidole? Mimi nimekosa. Ilikuwa usiku wa mvua za Januari, umeme umekatika tangu saa moja, nami nimepiga magoti sakafuni na tochi ya simu mkononi, namtazama samaki mmoja akimpiga mwenzake. Hakuwa akimla. Hakuwa akimnyang'anya chakula. Alikuwa akimpiga tu, kama mtu anayedai deni la siku nyingi. Yule mwingine alikuwa amejibanza kwenye kona ya juu, nyuma ya chujio, mapezi yameshikana na mwili, rangi imemtoka. Na nyuma yangu, gizani, kaka yangu alikuwa akikohoa.

Nilitaka kuandika habari za samaki peke yao. Nimejaribu mara tatu, na kila mara kikohozi kile kinaingia katikati ya habari. Basi nimeamua kuviandika vyote.

Kagongwa kwetu ni mji wa mchele. Ukitoka Isaka kwenda Kahama huwezi kupita bila kuona mashine za kukoboa, malori ya Rwanda na Burundi yaliyoegeshwa kando ya barabara, na pumba zilizorundikwa kama vichuguu. Mimi ni karani wa mizani kwenye mashine mojawapo. Hapa hakuna mtu anayefuga samaki. Samaki kwetu ni sato, sangara, dagaa na furu, na wote safari yao inaishia kwenye sufuria.

Sasa, kuna mshikaji niliyesoma naye ambaye aliangukia Kigoma, kwenye kazi ya wapiga mbizi wanaokamata samaki wa mapambo kwa ajili ya kuuzwa ng'ambo. Biashara hiyo si ya jana. Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, alikuwa akiwasafirisha samaki wa Tanganyika kutoka Bujumbura, na kitabu chake juu yao kilitoka mwaka 1978. Huko Ulaya watu wanawaweka sebuleni kama sisi tunavyoweka redio. Mimi nikamwambia rafiki yangu, kwani sisi hatuna sebule? Akacheka. Baada ya wiki mbili akanitumia watano ndani ya dumu la lita 10, madume mawili na majike matatu, kwa basi lililoondoka Kigoma alfajiri. Kwenye mfuko wa salfeti kulikuwa na maganda matano ya konokono.

Kitaalamu wanaitwa Lamprologus ocellatus, na sayansi inawafahamu tangu 1909. Ni wa ukoo mmoja na sato na furu, ila hawa ni miongoni mwa wafupi wa ukoo huo: dume hazidi sentimeta 6, jike ana kama 4. Shavuni wana doa jeusi lililozungushiwa duara la dhahabu, mithili ya jicho. Wakikasirika hutanua mashavu ili adui aone macho mawili makubwa yakimkodolea. Kwao ni chini ya ziwa, penye mchanga, na nyumba zao ni maganda matupu ya konokono aitwaye Neothauma. Konokono akifa, wao wanahamia. Wanalifukia ganda mchangani libaki tundu tu, hapo hapo wanalala, wanazaa na kukimbilia hatari ikija. Hawajengi wenyewe. Ndiyo maana nikawaita wapangaji.

Tangi nilichongesha kwa fundi vioo pale Kahama: urefu sentimeta 60, upana 30, kimo 30. Fundi alinitazama, akaniuliza, "Hili ni la sambusa au la chipsi?" Nilipomwambia ni la samaki akauliza kama watakuwa wa kukaanga. Mama naye alipowaona akasema, "Mwanangu, hawa hata mchuzi hautoshi."

Maji ya bomba tunayotumia yanatoka Ziwa Victoria, kwa ule mradi wa Ihelele uliozinduliwa 2009 kuleta maji Kahama na Shinyanga. Yaani samaki wa Tanganyika nikamtia kwenye maji ya Victoria. Maziwa haya hayafanani. Maji ya Tanganyika yana madini mengi, na kipimo chake cha pH kinacheza kati ya 8.6 na 9.2. Ya Victoria ni mepesi zaidi. Hilo nililijua, nikatia kokoto za chokaa, na maji nikawa nayaacha kwenye ndoo siku mbili klorini itoke. Lakini jambo kubwa zaidi sikulijua. Tangi jipya halina bakteria wa kuigeuza amonia inayotoka kwenye uchafu wa samaki. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha, na kwenye maji yenye pH ya juu amonia huwa sumu kali zaidi. Mimi niliwatia samaki siku ya tatu. Kwa hiyo wapangaji wangu walianza maisha wakiwa tayari wamechoka.

Wiki hiyohiyo kaka yangu akarudi.

Alikuwa ameondoka miaka saba nyuma kwenda kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Geita. Alikuwa mchimbaji mdogo, wale wa kutoboa mwamba ndani ya duara kwa nyundo na moko, na baadaye akahamia kwenye karasha, kusaga mawe. Zamani, kabla hajaondoka, alikuwa akinipiga. Sisemi hivi kwa kulalamika, kaka wengi wanapiga, lakini huyu wangu alikuwa anapiga kweli. Nilijifunza kutambua mlio wa ndala zake tangu nje ya uzio. Siku alipopanda lori kwenda Geita nilimwonyesha mama uso wa huzuni, kisha nikaenda nyuma ya choo nikarukaruka kwa furaha.

Aliyerudi siye yule aliyeondoka. Suruali ameifunga kwa kamba, mashavu yameingia ndani, na usiku jasho linamtoka mpaka shuka linalowa. Majirani wakasema kalogwa na wenzake wa machimboni. Tukampeleka kupimwa makohozi, majibu yakaja: kifua kikuu. Vumbi la mwamba likikaa kwenye mapafu kwa miaka, mapafu yanakosa nguvu ya kuwazuia wadudu wa ugonjwa huo, na wachimbaji wa dunia nzima wanalifahamu jambo hilo kwa zaidi ya miaka 100. Dawa ni bure, miezi sita bila kuruka siku. Nesi alituambia mambo kwa ufasaha: mgonjwa akinywa dawa vizuri, baada ya wiki chache uwezo wa kuambukiza wengine unapungua sana. Ila asilale penye hewa iliyofungwa. Alale karibu na dirisha, na dirisha liwe wazi.

Sisi tunapanga chumba na sebule. Mama analala chumbani, mimi sebuleni. Sebule ina dirisha moja, na chini ya dirisha hilo ndipo kitanda changu kilipokuwa. Ndugu msomaji, kitanda changu hakikusogea. Nilisema mimi ndiye ninayeamka mapema kwenda kazini. Nilisema godoro langu halipiti upande ule. Kaka akatandikiwa jamvi kwenye kona, kati ya gunia la mchele na ukuta, karibu na tangi la samaki.

Sasa turudi kwenye ugomvi wao. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Nilidhani ndio mwisho wa maneno, lakini wahenga hawakusema zizi lenyewe lina ukubwa gani. Kule ziwani dume akishindwa anakimbia mita chache, mshindi anaridhika, na ugomvi umekwisha. Kukimbia ndiyo njia yao ya kusema "yaishe". Kwenye sanduku la sentimeta 60 aliyeshindwa anakimbia mpaka anagonga kioo. Mshindi anageuka, anamwona bado yupo, anadhani huyu ni mbishi. Anampiga tena. Na tena. Hapo hakuna roho mbaya. Kuna ukuta tu.

Yule mkubwa nikampa jina la Bosi. Bosi alichukua ganda zuri kuliko yote, kwenye kona ambayo mapovu ya pampu ya hewa yanapandia, mahali penye maji mazuri. Yule mdogo nikamwita Mnyonge. Baada ya siku tisa Mnyonge akaanza kujisugua kwenye mawe, na asubuhi moja nikamkuta na vidoa vyeupe mwilini kama mtu aliyenyunyiziwa chumvi.

Ugonjwa huu ndio unaoua samaki wengi majumbani, kwa hiyo niueleze kidogo. Kimelea kinaingia chini ya ngozi ya samaki, kinakula, kinanenepa, kisha kinadondoka chini mchangani. Huko kinagawanyika kuwa mamia ya watoto. Watoto hao wanaogelea wakitafuta samaki, na wasipompata ndani ya siku mbili hivi wanakufa. Dawa haiwezi kukiua kikiwa ndani ya ngozi. Inawaua wale wanaoogelea tu. Kwa hiyo anayetibu leo akaacha kesho kwa sababu vidoa vimetoka, hajatibu kitu.

Kwa nini Mnyonge augue wa kwanza ilhali wote walikuwa maji mamoja? Kwa sababu mwili unaoishi kwa hofu unatoa homoni ya kotisoli mfululizo, na homoni hiyo ikizidi inadhoofisha kinga. Anayepigwa hali vizuri, hapumziki, na magamba yake yana majeraha ambayo ni milango wazi. Vidoa vilikuja mwisho kabisa, baada ya hayo yote.

Nikamhamishia Mnyonge kwenye ndoo. Nikatia chumvi kidogo kidogo mpaka gramu 2 kwa kila lita, nikawa nabadilisha maji kila siku, nikaendelea wiki mbili. Akapona. Nikajisifu. Nikamrudisha tangini, na Bosi akampokea kama mwizi aliyeruka ukuta. Maana kwa Bosi nyumba ilikuwa ni ileile na mipaka ileile, ila sasa kaingia mgeni. Kipigo cha usiku ule wa mvua nilioanza nao ndicho hicho.

Nikafanya uamuzi ambao kila mtu angeufanya. Nikamtoa Bosi. Nikamtia yeye kwenye ndoo, nikalala usingizi wa haki.

Siku mbili hazikupita. Mnyonge akahamia kwenye ganda la Bosi, kwenye kona ileile ya mapovu. Rangi ikamrudi, na lile jicho la dhahabu shavuni likang'aa. Akaanza kutanua mashavu. Kisha akamchagua jike mdogo kuliko wote, asiyefika hata sentimeta 4, akamkimbiza mpaka kona ya juu nyuma ya chujio. Kona ileile! Nilikuwa nimemtibu mgonjwa nikaiacha nyumba bila kuitibu: vimelea vilikuwa bado mchangani, na jike yule alikuwa amechoka kiasi cha kutosha. Siku ya tano nikamkuta juu ya maji, ubavu umegeuka juu, mwili mzima una chumvi.

Nilimtoa kwa kijiko. Kaka alikuwa macho, ananitazama toka kwenye jamvi lake. Kikombe chake kilikuwa pembeni, kile nilichokifunga uzi mwekundu ili kisichanganyike na vya kwetu. Nesi hakutuagiza kufunga uzi. Nilifunga mwenyewe. Na wageni walipokuja nilikuwa nasema kwa sauti, "Msikae upande ule." Alipokohoa usiku nilikuwa naguna ili ajue ameniamsha. Siku moja alichelewa kutoka msalani nikamgongea mlango kwa teke. Teke! Mimi, ambaye miaka saba nyuma nilikuwa nikijificha nikisikia ndala zake. Hakujibu kitu. Alitoka akiwa ameshika ukuta.

Nilisimama pale na kijiko chenye samaki aliyekufa, na sikupenda nilichokuwa nakifikiria.

Ndipo kaka akasema, taratibu, maana pumzi yake ilikuwa ya kuhesabu: "Dogo, hao samaki wako mi nawatazama mchana kutwa. Huyo hana ugomvi na mwenzake. Ana ugomvi na kumwona."

"Kumwona vipi?"

"Kuonana muda wote. Kule chini tulikuwa tunaingia kumi na mbili shimo moja. Mkikaa mnaangaliana tu, mtachukiana hata kama hakuna aliyekosa. Kila mtu akipata kona yake, mnasalimiana vizuri. Waletee mawe."

Jumapili hiyo tukafanya kazi pamoja, kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe nadhani. Mimi niliosha mchanga wa mtoni mpaka maji yakatoka meupe, tukaumwaga kina cha sentimeta 5 ili waweze kufukia maganda. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachagua mawe kwa jicho la mtu aliyeishi na mawe. Hili hapana, litaanguka. Hili lisimamishe wima. Alijenga kuta mbili zilizopinda, kiasi kwamba samaki akiwa kona moja haioni nyingine. Maganda matano yalikuwa machache, basi siku zilizotangulia alikuwa amewatuma watoto wa jirani wamwokotee maganda matupu ya konokono kwenye majaruba. Tukayachemsha, tukapata kumi na mawili kwa samaki watatu waliobaki. Tangi zima likatiwa chumvi siku kumi na nne. Kila kitu kikahamishwa mahali pake, ili asiwepo mwenyeji wala mgeni.

Bosi hakurudi. Hilo niseme wazi kwa anayetaka kujaribu: sanduku la sentimeta 60 ni la dume mmoja. Mawe yanapunguza ugomvi, hayaongezi ukubwa wa nyumba. Bosi alienda kwa mwalimu mmoja wa Kahama mwenye tangi lake. Hao wengine, ndani ya wiki moja kila mmoja alikuwa amefukia ganda lake. Mnyonge alikuwa akitoka, anatanua mashavu, haoni mtu, anarudi ndani. Mwezi wa pili nikaona vitu kama punje za mchele zikichungulia mdomoni mwa ganda la jike mmoja. Walikuwa watoto.

Lakini nirudi kwenye Jumapili ile. Jioni, mama akiwa jikoni, nilishika kitanda changu upande wa kichwa nikakivuta. Kilipita bila shida. Kilikuwa kinapita siku zote. Nikatandika godoro langu chini ya dirisha, nikalifungua dirisha kabisa, na jamvi nikalichukua mimi. Kaka alisimama akitazama. Akasema neno moja, "Wabeja," akalala akageukia ukuta. Alikohoa usiku ule kama kawaida. Nisingependa udhani kwamba dirisha lilimponya. Dawa ndizo zilizomponya, na zilichukua miezi sita kamili, na kuna siku alizikataa mama akalia. Lakini alikuwa amelala wiki tatu kwenye kona isiyo na hewa kwa sababu yangu. Nami pia nilipimwa, nikakutwa salama. Sikustahili.

Sasa hivi kaka anauza pumba kwa wachoma matofali. Machimboni hatarudi, vumbi limemkataza. Akipanda mwinuko anasimama katikati. Jioni anakaa kwenye kigoda chake mbele ya tangi, na ukimwambia ni samaki wangu anakuuliza nani alijenga.

Juzi aliniuliza, bila kuniangalia, "Dogo, ile siku ulisogeza kitanda kwa nini?"

Nikamwambia mvua ilikuwa inaniingilia dirishani.

Akacheka mpaka akakohoa.

Kaka, najua gazeti hili huwa unalisoma kabla yangu. Haikuwa mvua.